Shavu la Mguu wa Kushoto

Jumatatu, 8 Julai 1996
Wewe shavu la mguu, huna adabu. Miaka sitini na tano nakulisha wimbi, leo unanikatikia mlimani na kikapu cha majani chai mgongoni. Tap, kama kamba ya mbuzi. Jirani yangu Bochaberi alikuwa nyuma. Akauliza, omong'ina, yaani bibi mzee, ni mguu au ni umri? Nikamwambia natazama mawingu. Mawingu hayakuwepo.
Josiah mwanangu anakuja Jumamosi. Aliapa: siku nikishindwa kufikisha majani yangu kwenye kituo cha kuuzia chai, anafunga nyumba hii na kunipeleka kwake Kisii mjini, nikae kwenye kochi. Nyumba niliyojengewa na marehemu mume wangu.

Jumatano, 10 Julai
Keroka, kwa Padma wa duka la dawa. Akanibonyeza. Akasema shavu ni misuli miwili, mmoja juu ya mwingine, na yote inaishia kwenye kano moja nyuma ya kisigino. Kano ikivuta, kisigino kinainuka, ndipo mtu anapanda mlima. Tena kila hatua misuli inakamua damu irudi juu kwa moyo. Mama, weka kitu chembamba chini ya kisigino, na usifunge chochote kwenye shavu.
Nimezaa watoto tisa bila kujua kano.

Alhamisi, 11 Julai
Chembamba ni cha watu wembamba. Nimetia kwenye gambuti, buti langu la mpira, kipande cha jiwe la kuchonga la Tabaka, kinene kama mkate. Shavu nimelikaza kwa kamba za mgomba. Mzigo wa kuni uliofungwa vizuri haumwagiki.

Jumamosi, 13 Julai
Josiah amefika. Nikabeba kikapu mbele yake. Hatua ya kumi, ganzi. Hatua ya hamsini, sikujua kama nina mguu. Mlangoni pa kituo nikalala juu ya majani yangu mwenyewe. Bochaberi akaja kutazama mawingu.
Gambuti ilikataa kutoka. Josiah akaipasua kwa kisu, akaona kamba, akazikata moja moja. Halafu akasema, Mama, nakupa wiki mbili. Pumzisha mguu, kisha uinue kisigino mara kumi kwa siku, polepole, umeshika mlango. Usipopona, kochi.

Jumapili, 14 Julai
Mara kumi ni za mtoto. Mguu wa kushoto ulikataa, basi nikainua wa kulia mara mia kabla ya chai. Nao umesema tap.
Kosa nimeliona. Kamba zilikuwa chache.
Josiah, kabla hujarudi mjini, kata ule mgomba mkubwa nyuma ya choo, na Padma usimwambie.