Koti la Profesa wa Vijidudu

Profesa hakwenda zahanati kutibiwa. Alikwenda kukaa, kwa sababu benchi la pale lilikuwa na feni na hakuna aliyetozwa kwa kukalia. Biashara yake ya mwisho, maji ya kuotesha nywele, ilikuwa imekufa kifo cha ghafla siku wateja walipomvua kofia wakaukuta upara.

Ndipo akamsikia muuguzi akizungumza na akina mama waliopanga foleni.

"Hedhi ikikoma, mwingine hupata joto la ghafla, mwingine usingizi humruka, na mwingine huingiwa na huzuni nzito asijue imetoka wapi. Hiyo ni sonona. Si wazimu, si uvivu, na ina matibabu, kwa hiyo njooni tuzungumze. Wataalamu wanachunguza kama hata vijidudu vya tumboni vina mchango, lakini bado wanachunguza. Na mitishamba msinywe ovyo."

Profesa alikuwa na masikio ya kuchagua. Akaokota "huzuni", akaokota "vijidudu", akaokota "mitishamba". Yale maneno "bado" na "ovyo" akayaacha pale benchini kwa atakayeyahitaji.

Haikupita mwezi akawa amekodi chumba juu ya kibanda cha fundi viatu na kutundika bango: KLINIKI YA FURAHA YA UTUMBO. Dawa ilikuwa mchaichai, tangawizi na siki nyingi, vikachemshwa mpaka vikanuka kama vina maana. Lakini roho ya kliniki ilikuwa koti. Aliliagiza kwa ujumbe wa simu kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mtu ambaye hakuwahi kumtia machoni, akamtuma mwenye pikipiki kulichukua. Koti jeupe la kidaktari, alielekeza, na ndani, upande wa kushoto, mfuko mpana wa siri wenye tundu la kupitishia mpira.

Mfukoni humo ililala spika ndogo iliyorekodiwa sauti za vifaranga, zikapunguzwa kasi hadi zikawa vilio. Mpira mwembamba ulitoka kwenye spika, ukapita tunduni, ukaungana chini ya kola na kile kipimo cha masikioni wanachovaa madaktari. Mgonjwa akikivaa yeye mwenyewe, na Profesa akabonyeza kidogo kifuani, tumbo lilipata sauti. Mfuko huo huo ndio uliokuwa benki, kwani Profesa hakuamini kitu chochote kinachoendeshwa na watu kama yeye.

Wagonjwa wa kwanza walikuja wawili, mtu na wifi yake. Wifi ndiye aliyekuwa na maneno.

"Profesa, huyu zamani akicheka, majirani wanafungua madirisha kuuliza kulikoni. Sasa mwezi wa nane huu hajacheka hata kidogo. Binti yake anaolewa mwisho wa mwezi. Kitambaa cha gauni kiko mezani, mkasi uko juu yake, na hagusi."

"Nikiushika nalia," alisema mwenyewe, mama wa miaka hamsini na mmoja, sauti yake ikitoka kwa shida. "Viraka naweza. Sare naweza. Gauni la mwanangu siwezi."

"Hedhi?"

"Imeshaaga."

Profesa akavuta kiti karibu, akashusha sauti. "Mama yangu, tatizo si wewe. Ni wapangaji wako."

"Wapangaji gani? Nina chumba kimoja."

"Wa tumboni, mama. Vijidudu. Hedhi ilipoondoka vikadhani vimefiwa. Viko msibani mpaka leo. Hebu visikilize."

Akamvika kipimo, akaweka ncha yake tumboni, akabonyeza kifua. Mama akasikiliza. Macho yake yakapanda na mpira taratibu mpaka kwenye kola, yakashuka upande wa kushoto wa koti, yakaganda hapo. Kidevu kikaanza kumtetemeka. Akavuta mtandio akajifunika uso mzima, mabega yakamruka.

"Lia, mama," alisema Profesa kwa upole uliomgusa hata yeye. "Lia pamoja navyo."

Alipotulia, mama akachukua chupa yake. Mlangoni akageuka. "Koti zuri hilo. Nani kakushonea?"

"Hili? Limetoka ng'ambo."

Mama akajifunika mtandio upya, wifi yake akamshika mkono wasianguke ngazini.

Kuanzia siku ile neema ilimwagika. Mama yule yule ndiye aliyewaleta wengine: wauza vitambaa, walimu, mpishi wa hoteli, karani wa posta, wote wa rika lake. Kila mmoja alisikiliza tumbo lake na kila mmoja akatoka amejifunika uso, machozi yakimtiririka. Profesa hakuwahi kuona watu wanaolia kwa moyo namna ile. Siku ya ishirini mfuko ulikuwa umevimba, naye akakata tiketi ya basi la saa kumi na mbili jioni.

Asubuhi ya siku hiyo ya safari chumba kilijaa. Mama akasimama, mkono tumboni.

"Profesa, vyangu vimeanza kuongea."

"Vinasemaje?" aliuliza Profesa, na hapo ndipo alipojichimbia shimo.

"Vinasema vimechoka kusimama. Vinaomba viti."

Profesa akatazama sura zile zote. Kusema vijidudu haviongei ilikuwa kufunga kliniki kwa mdomo wake. Akashuka kwa fundi viatu, akapanda na mabenchi mawili kichwani.

"Vyangu," akadakia wifi, "haviamini dawa ambayo mwenyewe hainywi. Vinasema lita nzima."

Profesa akanywa lita nzima, huku akitabasamu kwa upande mmoja wa uso. Wakampigia makofi. Vijidudu vya mpishi vikataka achezecheze kidogo ili dawa ishuke, akacheza. Vya karani wa posta vikasema hakuzungusha kiuno, akarudia. Alijikaza. Jioni angekuwa ndani ya basi.

"Vyangu vinasema koti linanuka jasho," alisema mama.

"Na vyangu!"

"Vyangu vilisema tangu juzi, nikavinyamazisha!"

Matumbo thelathini yakakubaliana kwa sauti moja, jambo ambalo halijawahi kutokea katika mkutano wowote wa watu wenye akili. Profesa akafungua mdomo, lakini mama alikuwa tayari nyuma yake, akamvua kwa wepesi wa mtu aliyevua watu makoti elfu moja, akalikunja kwapani, mpira na kila kitu.

"Nitalifua mwenyewe," alisema. "Saa kumi uje ulichukue mtaa wa pili, penye cherehani."

Saa kumi kasoro Profesa alikuwa hapo, amelowa jasho, mkono mmoja umeshika tumbo ambalo lilikuwa limeanza mambo yake. Akakuta wale wanawake wote wamekaa. Mezani kitambaa cheupe kilikuwa kimekatwa, na mama alikuwa ameshika mkasi mkono wa kulia bila hata kuutazama. Koti lilining'inia ukutani, limepigwa pasi.

Akalichukua, akatia mkono ndani, upande wa kushoto. Hakukuwa na mfuko. Palikuwa na mshono mmoja tu, ulionyooka.

"Nimeufumua," alisema mama. "Niliushona mimi, nikaufumua mimi. Hilo tundu lilinisumbua siku mbili. Nikawa najiuliza, daktari gani huyu anayetaka tundu mfukoni?"

Profesa akaligeuza koti ndani nje. "Na vilivyokuwamo?"

"Kila mtu kachukua chake. Niliwaambia tangu mlangoni: lipeni, msinywe, kasikilizeni vifaranga, pesa zitarudi. Dawa yako nasafishia pasi. Inang'arisha sana."

"Lakini mama, wewe ulilia! Nilikuona!"

"Nilicheka, mwanangu. Miezi minane nimekaa kama mzigo uliosahaulika stendi, halafu nasikia tumbo langu linalia kutoka kwenye mfuko niliojichoma kidole nikiushona. Nilipotoka kwako nikapata nguvu ya kwenda kwa muuguzi wa zahanati. Sasa ananitibu, na kila wiki tunakaa wote hawa tunazungumza. Si kila siku ni nzuri. Leo ni nzuri." Akachomoa noti moja kifuani. "Shika. Hii umeitolea jasho."

Profesa aliipokea. Ilikuwa pesa yake ya kwanza ya halali, naye hakujua aiweke wapi, maana mfuko haukuwapo.

Hapo tumbo lake likanguruma. Halikuhitaji spika. Lilianza kwa mbali, likapanda, likasikika hadi kwa muuza vitambaa aliyekaa mwisho kabisa.

"Profesa," aliuliza wifi, "vyako vinasemaje?"

"Vinasema..." Akaacha hapo, miguu ameibana.

"Choo kiko nyuma!" alisema mama.

Profesa akatimua mbio, karibu amwangushe binti aliyekuwa anatoka chumba cha ndani na nusu ya gauni mwilini, pini zimemjaa mabegani. Na nyuma yake mama akaangua kicheko. Hakujifunika mtandio. Mkasi ulimtoka, akashika meza, akacheka mpaka sauti ikakatika ikaanza tena. Binti akasimama mlangoni, machozi yakamjaa, akasema neno moja tu, "Mama," kama mtu aliyemwona msafiri akirudi.

Profesa, nyuma ya mlango wa choo, tiketi ya basi mkononi, alisikia madirisha ya mtaa mzima yakifunguliwa moja baada ya jingine, na majirani wakiulizana kulikoni.