Ubatizo wa Otis, Kati ya Hesabu na Chakula cha Mchana

Jumatatu, 12 Mei
Mkaguzi wa jimbo Katoliki anakuja Alhamisi kuona tunavyofundisha dini na mahusiano. Mwalimu Mkuu amesema wazi: atakayempendeza ndiye atakuwa mratibu wa somo. Tuko wawili. Mimi, na Philomena Tootell wa darasa la tatu, ambaye tunapendana kama paka na panya. Yeye atafundisha msamaha kwa vikaragosi vya soksi. Soksi! Mimi nina ubatizo wa kuigiza. Lakini kila darasa la pili hapa Lancashire hubatiza mwanasesere. Nahitaji jipya.

Jumanne, 13 Mei
Mwanasesere wetu hana jicho. Nikalalamika getini. Bibi Dympna Rourke, aliyekuja kumchukua mjukuu wake Maeve, akaniuliza plastiki ya nini na yeye analea mjukuu mwingine mzimamzima. Otis, miezi sita. Mama yake, Keeley, hushinda kazini. Nikauliza kama Keeley ataridhia.

"Mchezo tu huu, mwalimu. Nani anakataa mchezo?"

Nani, kweli? Akataka kujua kama maji yatakuwa ya kweli na maneno kamili. Nikamwambia kwangu hakuna nusunusu. Akanishika mkono kwa muda mrefu. Mama mwema sana.

Jumatano, 14 Mei
Nimefanya mazoezi nyumbani na kabichi. Ilitulia vizuri. Philomena anachunguliachungulia dirishani kwangu. Ana wasiwasi, na ana haki.

Alhamisi, 15 Mei
Otis alikuja na gauni jeupe la ukoo, refu hadi magotini kwa Bibi aliyembeba. Nyuma yao binamu wawili wa kutoka Chorley wamevaa suti, na sandwichi za nyama kwa watu arobaini. Nikafurahi: ushirikiano wa wazazi, wakaguzi wanaupenda. Nikamwaga maji mara tatu, nikatamka maneno yote bila kukwama. Watoto wakapiga makofi. Bibi alilia mpaka kofia ikapinda.

Nilikuwa nakata keki Keeley alipoingia. Binamu alikuwa amemtumia picha. Kumbe tangu Otis azaliwe Keeley amekuwa akimwambia mama yake, Bibi Dympna, kwamba mtoto atajichagulia dini akikua. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Umembatiza mwanangu kati ya hesabu na chakula cha mchana?"

Nikampa keki. Hakuipokea.

Ijumaa, 16 Mei
Padre Kearns wa parokia yetu katuita ofisini: mimi, Keeley, Bibi, na mkaguzi, ambaye nilidhani kaondoka. Padre akaeleza kwa upole kwamba hata mlei kama mimi anaweza kubatiza. Maji yalikuwepo. Maneno yalikuwepo. Limebaki moja: je, nilikuwa na nia?

Nikitamka ndiyo, Keeley ananishtaki. Nikitamka hapana, mkaguzi anasikia kwamba somo langu la imani lilikuwa maigizo matupu. Nikasema nilikuwa nayo kiasi. Padre akasema haipimwi kwa kijiko. Basi nikatoboa: nia yangu ilikuwa cheo.

Padre akafuta miwani yake muda mrefu, mabega yakimtikisika. Kisha akasema mtoto hajabatizwa. Keeley akashusha pumzi. Bibi akainamisha kichwa na kulia tena, safari hii bila sauti, na nikajisikia vibaya kwelikweli. Alisema anaogopa kufa kabla ya kumwona Otis akibatizwa. Keeley akamshika mkono, akamwambia, "Twende nyumbani, mama, tutaongea." Mkaguzi hakunitazama tena.

Jumatatu, 19 Mei
Soksi zimeshinda. Philomena ni mratibu. Kanipangia mada ya wiki ijayo: ndoa. Kwa kawaida watoto wawili hujifunika pazia, pete zikiwa za peremende.

Lakini nimewaza. Kilichokosekana mara ile, kwa maneno ya Padre mwenyewe, ni nia tu. Na penye nia pana njia. Keeley na baba wa Otis wameishi pamoja miaka tisa bila kufunga ndoa. Bibi Dympna anazo pete mkobani, na anasema Jumanne wote wawili hawaendi kazini. Nimewaalika waje kutusaidia kushika maua. Padre nimemwomba aje amevaa stola yake, ule mkanda wa shingoni wa kufungishia ndoa, ili watoto waone.