Nafsi ya Kwanza Imekaimishwa

Ifahamike kwa umma kwamba Idara ya Shughuli Zilizokwisha Kufanyika iliazimia, kwa kauli moja na bila kuulizana, kunyambua kitenzi cha Kihispania. Kitenzi chenyewe kilikuwa kimoja tu, *irse*, yaani kwenda zako, nacho kingenyambuliwa katika wakati uliopita, kwa kuwa wakati uliopo ulikuwa haujaidhinishwa.

Sababu ilikuwa nzito. Kiti cha ubalozi katika nchi moja ya Kihispania kilikuwa wazi, na Mkurugenzi alikitolea udenda. Wageni wawili kutoka huko wangekuja kuzungumza naye, na wizara ilikuwa tayari kumpeleka yule ambaye wageni wangempenda. Aeleze tu jana yake kwa lugha yao, kiti ni chake. Mkewe, Mama Mapacha, alikuwa ameshanunua masanduku na kuwaaga hata mawifi asiosemezana nao.

Mwalimu akaletwa, mwanamke mwembamba asiye na muda wa kupoteza. Akaandika ubaoni: *me fui*, nilikwenda zangu, *te fuiste*, ulikwenda zako, *se fue*, alikwenda zake.

"Ni kama kwetu tu," akasema. "Anayekwenda ndiye mwenye zake. Haya Mzee, anza wewe."

Mkurugenzi akatabasamu kwa huruma. Mwalimu alikuwa mgeni, hakujua utaratibu. Katika idara ile Mkurugenzi hakujifanyia jambo. Chai yake ilipulizwa na karani. Pole zake misibani zilitolewa na Afisa Itifaki, ambaye alilia kuliko wafiwa. Hata hasira zake zilikuwa na mtu wake: Bwana Utawala ndiye aliyegonga meza, Mkurugenzi akitazama dirishani. Basi akafanya kama afanyavyo kiongozi yeyote makini, akaigawa kazi.

"Nafsi ya kwanza, Naibu, utaikaimu wewe," akasema. "'Wewe' apewe Mhasibu, kidole chake kimeshazoea. 'Sisi' iende Kitengo cha Mafanikio. 'Wao' ikae kabatini mpaka wakaguzi waje."

"Na wewe, Mzee?" Mwalimu akauliza.

"Mimi nabaki na 'yeye'. Ndiyo iliyonipandisha cheo."

Na hapo, kwa mara moja maishani, alisema kweli. Miaka yote alipanda ngazi kwa kupeleka juu habari za fulani kasema nini na fulani kafanya nini. Yeye mwenyewe hakuwahi kufanya lolote linalofaa kupelekwa juu.

"Mzee, 'mimi' haikaimiwi," Mwalimu akasema. "Watakuuliza wewe."

"Wataniuliza mimi, atajibu yeye. Kwani hata barua zangu nazisoma mimi?"

Nyumbani, Mama Mapacha aliposikia mpango huo aliweka kijiko chini.

"Baba Mapacha, usije ukaniumbua. Neno moja tu limekushinda?"

"Halijanishinda. Lina mtu wake."

Mtu wake alikuwa kazini. Naibu, bwana mpole aliyezoea kumeza maneno, hakuwahi kupewa "mimi" tangu aajiriwe, na alipoipata alinogewa nayo. Aliisema ngazini, akaisema koridoni, akaisema chooni mlango ukiwa wazi. *Me fui, me fui.* Akaacha kukohoa kabla ya kuongea. Akaanza kutembea kifua mbele, na karani, bila kuagizwa, akaanza kumpulizia chai.

Wageni wakafika: mama mmoja wa miwani na kijana mkimya wa kupiga picha. Mwalimu akawa mkalimani.

"Jana, baada ya kazi, ulifanya nini?" yule mama akamuuliza Mkurugenzi, taratibu kama anayelisha mtoto.

Mkurugenzi akageuka kushoto, alikokaa Naibu siku zote, akampa ishara ya nyusi. Naibu akasimama.

"*Me fui a casa*," akasema, kwamba alikwenda zake nyumbani. Alipoona wanasikiliza, akaongeza soko alilopitia, na mvua iliyomkuta, na shemeji aliyemkimbia. Wageni wakacheka mpaka miwani ikavuliwa na kufutwa.

"Na wewe?" mama akamrudia Mkurugenzi.

Sasa ilikuwa zamu ya kipande chake. Mkurugenzi akakung'uta koti, akamnyooshea Naibu kidole, akanguruma: "*Se fue!*"

"Tumesikia alikwenda zake. Wewe je?"

"*Se fue!*"

Wageni wakanong'onezana. Mwalimu akatafsiri bila kukunja uso: "Wanasema wamefurahi kumsikia mkuu wa idara akieleza mambo yake mwenyewe. Na wanauliza, huyu mzee anayetangaza nyendo zake ni ndugu yake, au ni mtu wa usalama?"

Mkurugenzi akageuka kushoto tena. Maswali ya namna hiyo yalikuwa na mtu wake, na mtu wake alikuwa anapigwa picha.

Uteuzi ulitangazwa redioni. Siku ya safari, idara nzima ilikwenda uwanja wa ndege kumsindikiza Balozi mpya, aliyekuwa Naibu mpaka juzi, na masanduku ya Mama Mapacha yalikwenda pia, yakiwa yameazimwa na mke wa Balozi, yote isipokuwa moja lenye zipu mbovu. Mwandishi mmoja aliyechelewa akamuuliza Mkurugenzi Balozi yuko wapi.

"*Se fue*," akasema, na Mwalimu alikiri kwamba lafudhi ile haikuwa na dosari.

Aliporudi nyumbani alimkuta Mama Mapacha amekalia lile sanduku bovu katikati ya sebule.

"Haya, mwenzio kaenda zake," akasema. "Na wewe? Miaka yote hiyo pale ofisini, wewe ulifanya nini?"

Mkurugenzi akageuka kushoto, kama kawaida yake, ili Naibu ajibu.