Mbegu za Ua la Machimboni

Leo nimeaibika mchana kweupe, na afadhali jambo hili mlisikie kwangu kabla halijafika sokoni Karatina.

Mnalijua lile ua la zambarau kwenye ukuta wa machimbo ya mawe, la jamii ya mnanaa, lenye shina la pembe nne? Mtaalamu wa mimea aliyepita hapa mwaka jana aliniambia hajaliona kwingine kokote. Kesho ukuta huo unakatwa, mawe yaende kujenga sekondari yetu ya harambee. Shule siwezi kuipinga. (Nimeichangia jogoo.) Nikaamua: mbegu nitazichukua leo, hata iweje.

Nikavaa suruali ya mume wangu. (Mwalimu mzima, mama wa kanisa.) Nikapanda. Mbegu za kwanza nikazitia mfukoni. Kumbe mfuko umetoboka. Zote zikamwagika chini kwenye vumbi la mawe.

Juu zaidi nilihitaji mikono yote miwili kushikilia mwamba. Palibaki mdomo. Nikang'ata vichwa vya mbegu pamoja na majani yake, nikavisukuma shavuni, nikaongeza vingine mpaka shavu likavimba. Nilipotaka kushuka, mguu haukupata pa kukanyaga.

Juu ya ukuta akachungulia Gathogo, msimamizi wa machimbo, na wafanyakazi wake.

"Mwalimu, unafanya nini hapo?"

Nikifungua mdomo, ua limekwisha.

"Umekwama?"

"Mmm."

Mama Njoki, mwenyekiti wa akina mama kanisani, alikuwa akipita kutoka shambani. Naye akachungulia. Akatazama suruali. Akatazama shavu.

"Gathogo," akasema polepole, "huyu mwalimu ako na miraa mdomoni."

Nikatikisa kichwa kwa nguvu. Mate ya kijani yakanitiririka kidevuni.

"Tema, mwalimu. Tema tukuombee."

Nikakaza meno.

"Ati anakataa," Mama Njoki akawaambia wanaume.

Wakateremsha kamba, nikajifunga chini ya makwapa, wakavuta. Katikati ya safari suruali ikanaswa na jiwe. Mimi nikaendelea kupanda, yenyewe ikabaki. (Shimizi nilikuwa nayo, Mungu ni mwema.) Ningeweza kuwapigia kelele wasimame. Sikufungua mdomo.

Nilipofika juu nikatema kila kitu kwenye leso, taratibu, mbele yao wote.

"Ni mbegu za lile ua," nikasema. "Kesho mnalikata, na halipatikani kwingine."

Mama Njoki akanusa leso, akanitazama, akaenda zake. Hapo ndipo nilipojua Jumapili nitaombewa kwa jina.

Gathogo alikuwa amegeukia upande, ananipa nafasi nijifunge koti lake kiunoni.

"Mwalimu, si ungeniambia tu," akasema. "Ngazi niko nayo, hapo nyuma ya kibanda."

Mbegu nimeshazipanda kwenye mkebe, ziko dirishani jikoni. Nyinyi chekeni sasa, mmalize. Kesho asubuhi niko na darasa la saba, na huko sitaki kuona jino la mtu.