Mkate wa Shangazi Steinvör

Alhamisi, 13 Juni
Nashukuru, nina mke anayejua anachotaka. Ásdís amesema Julai hii ni kaskazini, nyumba ya pwani alikozaliwa, kule ardhi inakotoa moshi. Nikataja Hispania. Akasema niende salama, yeye anakwenda kwao. Hajalala nyumba ile tangu tumzike baba yake. Alipolitaja hilo, nikaisahau Hispania.

Tatizo: Torfi, kaka yake. Naye anaitaka wiki hiyohiyo, na watoto wanne na mbwa. Shangazi yao Steinvör, aliyebaki na nyumba, hupokea familia moja tu. Kesho tunakwenda kumwomba ana kwa ana. Torfi hana akili ya kufikiria hilo.

Ijumaa, 14 Juni
Torfi alikuwa ameshafika. Amekaa jikoni, anamenya viazi! Shangazi anamwita "mwanangu". Mimi aliniuliza kama bado nina kazi.

Amesema atatoa jibu Jumapili, kwenye kahawa, baada ya ibada; mpaka hapo sote tumepanga vyumba kijijini. Nashukuru. Siku mbili zinamtosha mtu kama mimi.

Jumamosi, 15 Juni
Leo kila mtu kafukia mkate wake. Unga wa shayiri nyeusi na sukari, ndani ya kopo, kopo ndani ya shimo nyuma ya nyumba, ambako ardhi yenyewe ina moto chini, jiwe juu. Kesho saa kama hii umeiva. Torfi amejigamba kwamba wake utamliza mchungaji. Shangazi akacheka mpaka akashika mbavu. Hali mbaya! Mkate huo ukifaulu, wiki ni yake.

Jioni wote wakaenda kuogelea kwenye bwawa la maji moto. Nikasema mgongo unaniuma. Ásdís akanifunika blanketi. Mke mwema, Mungu ambariki.

Walipopinda kona tu, mbio mpaka mashimoni. La Torfi nalijua, lile la kushoto, nilimwona analichimba. Nikatoa kopo, nikauacha upepo wa baharini ulipooze vizuri, nikalirudisha juujuu, mahali pasipo na moto wa maana. Nimeungua vidole viwili. Nashukuru si kumi.

Jumapili, 16 Juni
Siwezi kuandika vizuri. Vidole.

Meza imejaa: siagi, samaki wa kukaushwa kwa moshi, mchungaji kiti cha mbele. Torfi akakata mkate wake. Mweusi, laini, unanukia mpaka barabarani! Shangazi naye akafungua kopo lake. Ukatoka uji. Ukamwagika hadi kwenye mkono wa joho la mchungaji.

Nikasikia mtu anapiga kelele, "Lakini hilo ni la Torfi!" Mtu mwenyewe ni mimi.

Kumbe shangazi alimwachia Torfi shimo lake lenye moto mkali, yeye akahamia lile la kushoto. Nani hubadilisha shimo la ukoo bila kutangaza?

Shangazi akanitazama vidole. Akauliza, "Ketill, mkate wangu ulikukosea nini, mtoto wa watu?" Torfi akasema, "Shemeji, si ungeniomba tu nikuachie wiki?" Hapo ndipo nilipoumia kweli.

Kisha Ásdís akacheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, kaegemea ukuta wa nyumba ya baba yake. Akasema mzee angempenda sana mkwe huyu mjinga. Sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba. Nilishukuru kwa moyo wangu wote, na hili naandika bila utani.

Jumatatu, 17 Juni
Hukumu imetoka. Ásdís ni mtoto wa nyumba, atalala chumba cha baba yake, wiki nzima. Torfi na kundi lake, darini. Shangazi anasema nafasi ipo, mradi mtu mmoja alale nje kwenye hema, naye ameshamjua. Ásdís alimkumbatia, kisha akanikumbatia mimi. Tumepata wiki yetu!

Torfi kanipa pole, eti Julai huku upepo wa usiku unakata masikio. Nimemshukuru tu, maana nina mpango. Nyuma ya nyumba, kando ya mashimo, kuna kipande cha ardhi tambarare, kikavu, chenye joto tamu chini. Hema langu nitalisimamisha palepale, na simwambii mtu. Wao watatetemeka darini. Ardhi inayoivisha mkate mzima kwa siku moja itashindwaje kumpasha moto mtu mmoja?