Uma, Aibu na Dawa ya Muzee Sibomana

Jumatatu, 1 Juni 1953
Barua imefika! Jumamosi tume inakuja kwangu, hapa Murara, kuona kama ninastahili karte, ile kadi ya serikali ya mtu aliyestaarabika. Nikiipata, Lucie wetu ataweza kuombewa nafasi katika shule ya Wazungu. Séraphine, mke wangu, ameingoja miaka miwili. Rémy, karani mwenzangu, anayo tangu Pasaka. Ukimwuliza saa, anakuonyesha karte.

Shida ni moja. Watataka kuniona ninakula, tena kwa uma. Mama yangu alinilea Masisi kwa neno lake: mutu mukubwa hakulake mbele ya wageni, yaani hali kabisa. Mimi nikitazamwa tu, chakula hakishuki.

Jumanne, 2 Juni
Nimejaribu mbele ya Séraphine. Kiazi kimoja, nusu saa.

Muzee Sibomana, fundi viatu wa Kibati, anasema bangi huondoa aibu na kuleta njaa. Niliiacha wakati wa Kwaresima, kweli kabisa. Lakini hii si kuvuta, ni dawa. Séraphine akauliza dawa gani inamchekesha mgonjwa. Mwanamke haelewi mambo ya uganga.

Alhamisi, 4 Juni
Ushindi! Viazi sita kwa uma, Séraphine akinikodolea macho. Nikavuta tena, kuhakikisha. Kisha tena, kwa kuwa jioni ilikuwa nzuri. Niseme ukweli, maana hapa hasomi mtu: mwili ulikuwa mwepesi, volkano ya Nyiragongo ilitoa moshi wake kwa upole, na Rémy hakunikera hata kidogo. Nilikuwa na raha.

Jumamosi, 6 Juni
Wageni walikuwa watatu, Wazungu wawili na muzee Hategekimana, mkalimani. Kwa hiyo nilivuta mara tatu. Hesabu ni hesabu.

Mwanzo mzuri. Kitambaa cha meza alichodarizi Séraphine kilisifiwa. Lucie alisalimu kwa Kifaransa. Lakini uma unachelewesha sana! Nikatumia vidole. Sahani yangu ikaisha, nikamwuliza Mzungu mkubwa kwa heshima, kama baba: Papa, hii nyama utaimaliza? Sikungoja mkalimani atafsiri. Nikaichukua. Hategekimana akafunga daftari. Séraphine akainama, akaanza kukusanya vijiko.

Jumapili, 7 Juni
Wamekataa. Nirudi baada ya miaka miwili.

Lucie ameuliza kama shule imefungwa. Iliniuma, iliniuma sana. Baada ya misa Séraphine amemchukua, wamekwenda kwa mama yake, huko Kalengera. Hakusema watarudi lini.

Nimekaa kufikiri kosa lilikuwa wapi. Nimelipata: bangi ilikuwa ya Kibati, ina haraka. Muzee Sibomana anayo nyingine, ya milimani, ambayo mtu akiivuta anakula taratibu. Nimeijaribu leo leo. Kweli tupu! Nimekula sahani nzima kwa uma, polepole, bila aibu yoyote.

Mezani nilikuwa peke yangu.