Gintaras Asiongezewe Mkataba

Kwa Mhariri,
Gazeti la Mill Fork, Indiana

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa heshima na kwa hasira, na nitajitahidi heshima itangulie. Ijumaa hii uongozi wa klabu yetu ya mpira wa kikapu utaamua kama Gintaras, yule Mlithuania mrefu kama mlingoti, aongezewe mkataba. Naomba asiongezewe. Nimesoma vitabu vingi juu ya dola za kale zilizoanguka, na kila mara mambo yalianza na mgeni mmoja mwenye adabu.

Sababu zangu ni hizi:

1. Anatoa pasi. Sisi tulijifunza mchezo huu peke yetu, kwenye goli lililopigiliwa ukutani mwa ghala la mahindi, theluji ikitufika magotini. Ghalani hakuna wa kumpa mpira. Huyu akiona mwenzake yuko huru, anampa. Jumamosi nilisimama jukwaani nikamwambia, "Tupa mwenyewe, bwana!" Akampa mwenzake, tukashinda, nikabaki nimesimama.

2. Zamani wageni kwenye ligi zetu walikuwa wawili watatu, tukiwapigia makofi kama watoto waliokariri shairi. Sasa wanatoka Serbia, Ugiriki, Kameruni, na wanaokaririshwa ni sisi.

3. Mgahawani kwa Lorene, kiti cha mwisho ni changu, na hukumu zote za mpira hutolewa pale. Siku hizi nikihukumu, watu wanageuka kumtazama Gintaras. Hanibishii, anatafuna nyama yake ya nguruwe polepole, basi. Juzi Lorene akaniambia, "Delbert, rufaa yako imetupwa."

4. Goli la ghalani kwangu. Marehemu baba alilipigilia likiwa limepinda kushoto, na ukoo mzima wa Ruckman hulenga kushoto. Nilimwalika Gintaras pale makusudi, nimwaibishe. Akakosa mara mbili, akaenda kuchukua ngazi, akalinyoosha. "Lilikuwa limepinda, mzee," akaniambia, kama mtu anayeleta habari njema. Tangu hapo sijafunga hata moja nyumbani kwangu mwenyewe.

5. Mama yangu mzazi anamwita "mwanangu". Mimi ananiita "huyu". Jumapili alimpa kipande cha mwisho cha pai, na nilipolalamika akasema, "Mwenzio kaondoa theluji mlangoni. Wewe umeiandikia makala."

Kwa hiyo napendekeza, mbali na kumwondoa Gintaras, ipitishwe sheria magoli yote ya Indiana yapindwe kushoto, kila kiwanja, yakiwemo ya shule na makanisa. Hapo ndipo itajulikana nani mwenyeji. Asiyezaliwa hapa atakosa, nasi tutafunga kwa haki ya kuzaliwa. Nimeijadili hoja hii na mke wangu, akaenda kulala.

Nisalimie mkeo, wachapishaji wako, na yule mwamuzi mliyemtetea wiki jana. Yeye msalimie kwa ufupi.

Wako asiyenyooshwa,
Delbert Ruckman

N.B. Nikiwa naziba bahasha, redio imetangaza kwamba klabu moja ya Florida inamtaka Gintaras, na Ijumaa hiyo hiyo wanatuma mtu. Tafadhali chana barua hii. Badala yake chapa maneno yafuatayo, ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa: Florida mtuachie kijana wetu. Huyu ni mtu wa Indiana. Mkitaka mgeni, katafuteni wa kwenu.